Kupanda ni mguu, kushuka ni breki: historia ya baiskeli ya milimani kwa mama wa Kasulo

POSTI YA 1: Swali lenu

 

Tangu likizo ianze swali ni lile lile. "Nesi, mwanangu analilia baiskeli ya gia, ile ya matairi yenye meno. Nimnunulie?" Wengine mnauliza kama ni sawa kumbeba mtoto kwenye keria mkienda shamba au kliniki. Wapo pia wanaouliza kwa sauti ya chini kama binti akiendesha baiskeli ataharibika.

Nitajibu yote. Lakini safari hii nataka tupitie historia kwanza, kwa sababu majibu mengi yamo mle mle. Kila kifaa unachokiona kwenye baiskeli ya milimani leo kilitokana na mtu fulani aliyechoka kuumia, au mzazi aliyemwona mtoto wake anateseka.

Huko Ulaya na Marekani kuna watu wanasafiri mbali na kulipa pesa nyingi ili wapande baiskeli kwenye njia za msituni zenye mawe, mizizi na makorongo. Wanaita mchezo, na ni mchezo mtamu kweli. Sasa hebu fikiria njia yako ya kwenda kisimani, au ile ya mtoto ya kwenda shule. Mawe yapo, mizizi ipo, mifereji iliyochimbwa na mvua ipo, kuna changarawe inayoteleza na mteremko juu yake. Watoto wetu wanaendesha njia zile zile za mchezo, tena wakiwa na dumu la maji nyuma na ndapa miguuni. Kwa hiyo tunayo haki ya kuijua historia hii, na tunayo sababu.

Chukua chai, tuanze.

POSTI YA 2: Ilianza ya mbao, bila pedeli

Mwaka 1817, huko Mannheim, Ujerumani, mtu mmoja aitwaye Karl Drais alitoka na kifaa cha mbao chenye magurudumu mawili. Hakikuwa na pedeli wala cheni. Ulikaa katikati, ukasukuma ardhi kwa miguu kama mtu anayekimbia huku amekaa. Ukitaka kugeuka, usukani upo. Ndiyo babu wa baiskeli zote.

Pedeli zikaja Ufaransa miaka ya 1860, zimefungwa kwenye gurudumu la mbele. Magurudumu yalikuwa ya mbao yenye bati la chuma, na barabara zilikuwa za mawe. Waingereza wakaipa jina ambalo kwa Kiswahili ni "kitikisa mifupa". Mwenye mgongo anaelewa!

Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry, Uingereza, akatoa baiskeli yenye magurudumu mawili karibu sawa na cheni inayozungusha la nyuma. Umbo hilo ndilo unaloliona leo mlangoni kwako.

Sasa sikia hii, mama. Huko Belfast kulikuwa na daktari wa mifugo, John Boyd Dunlop. Mtoto wake wa kiume alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu, na matairi yake ya mpira mgumu yalimrusharusha kwenye njia za mawe. Baba akachukua mpira, akaufunga kama bomba, akaujaza upepo, akauzungushia kwenye magurudumu ya mtoto. Ikatulia. Mwaka 1888 akaandikisha ugunduzi wake. Kwa hiyo tairi la upepo, lile unalomwambia fundi azibe pancha, lilitokana na mzazi aliyetaka mwanawe asitikisike.

Raha hiyo ilikuwa na bei, na waliolipa ni majirani zetu. Ulaya na Marekani zilipochangamkia baiskeli miaka ya 1890, mpira ukatakiwa kwa wingi sana. Sehemu ya mpira huo ilitoka kwenye misitu ya Kongo, iliyokuwa mali binafsi ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji kuanzia 1885 hadi 1908. Kila kijiji kilipangiwa kiasi cha kuleta. Wanaume walipokimbilia porini, wanawake walikamatwa na kufungiwa mpaka waume zao walete mpira. Watu walikatwa mikono. Wengi mno walikufa kwa risasi, njaa na maradhi. Mwaka 1908 kelele za dunia zilimlazimisha mfalme kuiachia nchi ile mikononi mwa serikali ya Ubelgiji.

Nimelisema hili kwa makusudi. Kifaa kinachomrahisishia maisha mtu mmoja kinaweza kumvunja mwingine pale ambapo hakuna anayeuliza. Sisi tutauliza.

POSTI YA 3: Baiskeli ya mzigo, baiskeli ya mpaka

Baiskeli ilifika huku kwetu na wakoloni, wamisionari, makarani na wafanyabiashara. Wazee wanazikumbuka zile Raleigh za Uingereza, nzito, nyeusi, za breki za vyuma. Baadaye tukazijua Phoenix za China na Swala, iliyotengenezwa hapa hapa Tanzania. Warundi wanaiita ikinga, Wanyarwanda igare. Kwa lugha yoyote, kazi ni ile ile: ndizi, mkaa, maji, mgonjwa, bibi harusi.

Pale Busia, mpaka wa Kenya na Uganda, miaka ya 1960 vijana walianza kubeba abiria kwenye keria kati ya kituo kimoja cha mpaka na kingine. Walikuwa wakiita kwa Kiingereza cha mpakani, na kutoka hapo likazaliwa neno bodaboda. Kwa hiyo bodaboda ya kwanza ilikuwa baiskeli, na keria lililowekwa kitambaa laini ndilo lililokuwa siti.

Kule Goma, mashariki mwa Kongo, watu walirudi kwenye wazo la Drais bila kuwa na haja ya kumjua. Ni chukudu: chombo cha magurudumu mawili kilichochongwa kwa mbao, mara nyingi mkaratusi, bila pedeli wala cheni. Kilienea kuanzia miaka ya 1970. Magurudumu yake ya mbao yanavishwa mpira uliokatwa kutoka matairi ya zamani. Kinabeba mamia ya kilo: viazi, kabichi, mkaa, kuni, vikishushwa kutoka vilimani kuja mjini. Njia zenyewe ni mawe meusi ya volkano ya Nyiragongo, makali kweli kweli. Pale Goma mjini wameijengea chukudu sanamu ya rangi ya dhahabu. Wanaijua thamani yake.

Sasa tazama breki ya chukudu. Ni kipande cha mpira wa tairi kilichofungwa karibu na gurudumu la nyuma. Dereva anakikanyaga kwa mguu, kinasugua gurudumu, mwendo unapungua. Kila fundi wa Goma anajua kwamba chombo kisicho na kipande hicho hakifai mteremko, hata kiwe kizuri vipi.

Nataka ulishike hilo neno: breki. Kupanda mlima kunachosha, lakini hakuui. Ukishindwa unashuka, unasukuma. Kwenye kushuka ndiko kuna maafa.

POSTI YA 4: Vijana wa California na grisi iliyoungua

Baiskeli yenyewe ya milimani, hii yenye matairi ya meno, ina mahali ilipozaliwa. Ni Marin, California, Marekani, kwenye miteremko ya mlima Tamalpais, miaka ya 1970.

Kulikuwa na kundi la vijana huko, kati yao Joe Breeze, Gary Fisher, Charlie Kelly na Tom Ritchey. Baiskeli za mashindano za wakati ule zilikuwa nyembamba, hazifai mawe. Wao wakaokota mitumba: baiskeli nzito za Schwinn za miaka ya 1930 na 1940, zenye matairi manene. Wakazipandisha mlimani, wengine kwa gari, halafu wakashuka nazo kama wendawazimu.

Tarehe 21 Oktoba 1976 wakaanza mashindano ya kushuka kwenye njia moja inayoporomoka takriban mita 400 ndani ya kilometa 3 na kitu. Baiskeli zile zilikuwa na breki ya kukanyaga pedeli kinyumenyume, breki iliyofichwa ndani ya kitovu cha gurudumu. Kwa mteremko ule, kitovu kilipata moto mpaka grisi ikaungua na kutoa moshi. Mtu akifika chini, lazima afungue kitovu, asafishe, ajaze grisi upya. Kujaza upya huko kwa Kiingereza wanaita "repack", na ndilo likawa jina la njia na la mashindano. Unaona? Mchezo mzima ulipewa jina la breki iliyoshindwa kazi.

Baada ya kuunguza grisi za kutosha wakaanza kutengeneza baiskeli mpya. Mwaka 1977 Joe Breeze akajenga fremu maalumu kwa kazi hiyo. Mwaka 1979 Fisher na Kelly wakafungua biashara ya kuziuza, fremu zikitengenezwa na Ritchey. Mwaka 1981 ikaja ya kwanza kutengenezwa kiwandani kwa wingi, Stumpjumper. Mwaka 1990 yakafanyika mashindano rasmi ya dunia huko Durango, Colorado, na 1996 mchezo ukaingia Olimpiki ya Atlanta.

Wakati wote huo walikuwa wanarekebisha nini? Breki kwanza. Waliweka breki mbili, ya mbele na ya nyuma, zenye mikono mirefu ya kushika vizuri. Usukani ukapanuliwa ili mtu asipinduke. Gia zikaongezwa kwa ajili ya kupanda. Kisha yakaja mashokapu ya mbele ya kumeza mawe, na baadaye breki za diski ambazo zinashika hata kwenye tope.

Sasa hizi baiskeli za gia zinazouzwa mnadani, nyingi zina umbo la milimani tu. Zina tairi lenye meno na rangi za kuvutia, pengine hata shokapu la mapambo. Lakini ukiminya breki, mkono unagusa usukani na baiskeli inaendelea na safari zake. Mama, hiyo ni sura bila kazi. Swala kuukuu lenye breki nzima ni salama kuliko baiskeli mpya ya gia isiyosimama.

Na hizi zetu za rimu za chuma zinazong'aa, mvua ikinyesha breki zake hupungua nguvu sana, kwa sababu raba inateleza kwenye chuma kilicholowa. Wakati wa mvua unahitaji nafasi ndefu zaidi ya kusimama. Mwambie mtoto wako hili kwa kinywa chako.

POSTI YA 5: Kupitia daraja la Rusumo

Hii sehemu inatuhusu kwa karibu.

Mwishoni mwa Aprili 1994, ndani ya muda wa kama saa 24, Wanyarwanda wanaokadiriwa kufika 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara. Waliokuwepo mnakumbuka. Vichwani godoro na sufuria, mgongoni mtoto, na mwenye baiskeli alikuwa anaisukuma imesheheni. Pale Benako, penye jina lililotokana na kampuni ya Kiitaliano iliyowahi kujenga barabara, ikatokea kambi yenye watu wengi kuliko miji mingi ya Tanzania. Ilidumu mpaka Desemba 1996 waliporudishwa. Milima yetu hii ilitoa kuni zake, maji yake na mengi mengine.

Upande wa pili wa mto, kwenye nchi iliyobaki na majeraha, kulikuwa na mtoto wa miaka saba hivi, Adrien Niyonshuti. Katika mauaji ya kimbari alipoteza kaka zake sita. Alikua, akapewa baiskeli na mjomba wake, akaipenda.

Desemba 2005 Tom Ritchey, yule yule fundi wa California, akafika Rwanda. Akakuta watu wanashuka milima na baiskeli za mbao zenye mzigo, akashangaa. Mwaka 2006 yakaandaliwa mashindano ya baiskeli, na hata hizo za mbao zikapewa nafasi. Akabuni pia baiskeli ndefu ya mzigo kwa ajili ya wakulima wa kahawa, ili kahawa ifike kiwandani mapema kabla haijaharibika. Kutoka hapo timu ya Rwanda ikaanza kujengwa, na Niyonshuti akiwa kati ya wa mwanzo.

Tarehe 12 Agosti 2012, Olimpiki ya London, Adrien Niyonshuti alishindana kwenye baiskeli ya milimani, kwenye njia ya mawe na miruko. Ndiye pia aliyebeba bendera ya nchi yake siku ya ufunguzi. Alimaliza wa 39. Kuna watu wanaona namba 39 ni ndogo. Mimi naona wengine walishindwa kumaliza kabisa, na yeye akamaliza.

Septemba 2025 Kigali ikapokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza tangu yaanze kwa bara la Afrika kuyaandaa. Kutoka Rusumo hadi Kigali ni kama kilometa 160 tu. Watoto wa hapa wamesikia, wengine wameona kwenye simu. Ndiyo maana wanalilia baiskeli. Usimcheke mwanao akikwambia anataka kuwa bingwa. Mwenzake wa kijiji cha ng'ambo alianza hivyo hivyo.

POSTI YA 6: Kofia, na uongo kuhusu wasichana

Mei 1935, huko Uingereza, mwanajeshi na mwandishi maarufu T. E. Lawrence alikuwa kwenye pikipiki. Ghafla mbele yake wakatokea wavulana wawili wakiwa kwenye baiskeli. Akawakwepa, akaanguka, akaumia kichwa. Hakuwa na kofia ngumu. Akafa baada ya siku sita.

Kati ya madaktari walioitwa kumhudumia alikuwepo bingwa wa upasuaji wa ubongo, Hugh Cairns. Kifo kile hakikumtoka akilini. Akaanza kuchunguza vifo vya waendesha pikipiki, na mwaka 1941 akachapisha matokeo yake: waliovaa kofia ngumu waliumia kichwa kwa kiasi kidogo kuliko wasiovaa. Mwaka huo huo jeshi la Uingereza likaamuru waendesha pikipiki wake wavae. Kofia ngumu za baiskeli zenye povu ndani zikaanza kuuzwa Marekani mwaka 1975. Mwaka 1990 jimbo la Victoria, Australia, likawa la kwanza kulazimisha kila mwendesha baiskeli kuvaa.

Lile povu jeupe ndani ya kofia lina kazi moja: linapondeka badala ya ubongo. Kofia iliyopata kishindo kikubwa mara moja imekwisha kazi, hata kama kwa nje inang'aa. Na kofia isiyofungwa mkanda chini ya kidevu ni pambo.

Sasa lile swali la sauti ya chini. Miaka ya 1890 wanawake wa Ulaya na Marekani walipoanza kuendesha baiskeli, baadhi ya madaktari walitangaza kwamba watapata ugonjwa wa "uso wa baiskeli", yaani uso utakakamaa kwa sababu ya kujibana. Ugonjwa huo haupo. Ulikuwa woga tu wa kuona mwanamke anakwenda anakotaka bila kuomba kubebwa.

Huku kwetu woga umevaa nguo nyingine: eti binti atapoteza ubikira, eti hatazaa. Nakwambia kama nesi, kuendesha baiskeli hakumfanyi binti awe mgumba. Na ubikira haupimwi kwa kutazama sehemu za siri za mtoto, kwa sababu maumbile ya wasichana hutofautiana tangu kuzaliwa. Binti wa Kasulo anayefika shule kwa baiskeli anafika mapema, na hapungukiwi kitu. Mpe baiskeli yenye kimo chake, na mfundishe breki kama kaka yake.

POSTI YA 7: Sasa majibu

Tumetoka mbali. Sasa tuje nyumbani kwako, tupange.

KABLA YA KUNUNUA. Mtoto akikaa kwenye siti, ncha za miguu yote miwili ziguse chini. Usinunue kubwa eti "atakua nayo". Minya breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele: igome. Minya ya nyuma, fanya vile vile. Angalia waya kama umechanika, na raba kama zimeisha. Kama pesa inatosha ama taa za rangi ama breki mpya, jibu unalo. Fundi abadilishe raba kabla hazijalika mpaka chuma.

NCHA ZA USUKANI. Hili wengi hawalijui. Mtoto akianguka, ncha ya usukani inaweza kumgonga tumbo, na chuma kikiwa wazi ni mbaya zaidi. Kwa nje utaona alama ndogo kama sarafu, ndani wengu, ini au kongosho vimeumia. Hakikisha ncha zina mpira. Na akigongwa tumbo, halafu akaanza kutapika, au tumbo likawa gumu na linauma, au bega likamuuma bila sababu, au amepauka, au mkojo una damu, usisubiri asubuhi. Nenda hospitali.

MGUU KWENYE SPOKU. Mtoto amebebwa kwenye keria, mguu unaning'inia, unaingia kwenye njiti za gurudumu. Simamisha baiskeli hapo hapo. Usiuvute mguu kwa nguvu. Legeza gurudumu au kata njiti ili utoke taratibu. Osha kwa maji safi yanayotiririka, funika kwa kitambaa safi, inua mguu, mpeleke kituoni. Usipake majivu, kinyesi cha ng'ombe, mafuta ya taa wala dawa ya meno. Jeraha hili ni la hila: siku ya kwanza linaonekana dogo, baada ya siku kadhaa ngozi inakuwa nyeusi na kufa. Pia mfupa unaweza kuwa umevunjika sehemu ile inayokua. Beba kadi ya kliniki tuangalie chanjo ya pepopunda. Kinga yake ni rahisi: fundi anaweza kufunga kipande cha bati, plastiki ngumu au wavu pande zote mbili za gurudumu la nyuma, na sehemu ya kuweka miguu.

KICHWA. Mtoto ameanguka, kisha anatapika tena na tena, ana usingizi usio wa kawaida, anaongea vitu visivyoeleweka, amepata degedege, mboni za macho hazilingani, maumivu ya kichwa yanazidi, au maji maji au damu inatoka sikioni au puani: hospitali sasa hivi. Shingo isitikiswe.

KUMBEBA MTOTO. Ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipandishwe baiskeli. Shingo yake haijakomaa kuhimili mitikisiko ya njia zetu. Mkubwa zaidi awe na siti yake ya kushika, miguu imezuiwa isiguse spoku, na kofia kama unaweza kuipata.

MTEREMKO WA MAWE. Hapa msimamo wangu haubadiliki. Ukiwa na mtoto au mzigo, ukifika juu ya mteremko wa mawe, shuka, tembea, sukuma. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kishindo inaongezeka mara nne, na mzigo unazidisha. Hata hao mabingwa wa mashindano wakiona mwamba umewazidi wanashuka na kubeba baiskeli mabegani. Siyo aibu. Baba, na wewe unayemwendesha mama mwenye mtoto mgongoni, hili ni lako zaidi, maana aliyekaa kwenye keria hana breki.

MJAMZITO. Wamama wengi wa vilima hivi wamefikishwa kliniki kwa baiskeli, na tunawashukuru waliowabeba. Lakini mimba ikiwa kubwa, kuanguka kunaweza kuachanisha kondo la nyuma na mfuko wa uzazi, na hapo mama na mtoto wote wako hatarini. Ukianguka, hata kama huna maumivu, njoo tukusikilize mtoto. Ukikaribia siku zako, sogea kwa ndugu aliye karibu na kituo. Ikitokea dharura ya uzazi au ya mtoto mchanga, piga 115, ni bure, ni mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama.

NJIA. Watoto wasiende kufanya mazoezi ya kushuka kwenye barabara kuu ya malori ya Rusumo, wala kuingia maeneo ya hifadhi ya Burigi-Chato ambako kuna wanyama. Watafutieni njia ya kijiji, mkubwa mmoja awe chini ya mteremko anaangalia.

Kwa hiyo, "Nesi, nimnunulie?" Mnunulie, mama. Mazoezi yatamjenga moyo, mapafu na miguu, shule itakuwa karibu, na furaha ya mtoto nayo ni afya. Lakini kesho asubuhi, kabla hajatoka na hiyo iliyopo, toka nje uminye breki zote mbili mwenyewe. Isipogoma, leo anakwenda kwa miguu, baiskeli inakwenda kwa fundi.

Posti ijayo tutaongea kuhusu maji ya moto na watoto jikoni. Kama una jirani ambaye mtoto wake anashuka ule mlima bila breki, mtumie hii leo. Maswali yaacheni hapa chini, nikitoka zamu nayajibu moja moja.